Kliniki ya maradhi ya akili Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka 11 nimekuwa nikimpeleka kaka yangu kliniki ya maradhi ya akili hapa Pemba na kurudi naye nyumbani. Mimi si daktari. Ni mtu wa benchi, yule anayekaa nje na daftari la mgonjwa mapajani akisubiri jina liitwe. Maswali haya nimeulizwa hapo benchini, kwenye daladala, na usiku mlangoni kwangu na watu wanaoanza kwa kusema "si mimi, ni jirani yangu." Majibu nimeyapata kwa wauguzi na madaktari waliotuhudumia, na mengine nimefunzwa na maradhi yenyewe. Pale ninaposema "muulize daktari wako", muulize kweli.

Kwenda kliniki ya akili maana yake ni kulazwa?

Hapana. Unakwenda asubuhi, unaonwa, unachukua dawa, unarudi kulala kwako. Wengi ninaokutana nao benchini hawajawahi kulazwa hata usiku mmoja kwa ajili ya akili.

Hofu hii naijua inakotoka. Zanzibar nzima ina hospitali moja tu ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, nayo iko Unguja mjini. Sisi wa Pemba tukisikia "hospitali ya akili" tunaona bahari, ukuta na mlango unaofungwa. Tulipokuwa wadogo jina hilo tulitukanana nalo skuli. Lakini hata Kidongo Chekundu wapo wanaokwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Nianzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali: Chake Chake, Wete, Abdalla Mzee ya Mkoani, au Micheweni. Uliza mapokezi siku ya kliniki ya akili ni ipi, kwa sababu si kila siku na si kila pahala yupo mtu aliyesomea kazi hii. Ukiuliza "daktari yupo?" utajibiwa yupo, kisha ukae mpaka adhuhuri ndipo uambiwe wa akili huja siku nyengine. Kwa ndugu zetu wa Unguja walio mbali na mji, hospitali ya Kivunge upande wa kaskazini na ya Makunduchi upande wa kusini zina kliniki za akili.

Ikiwa mtu amechafukwa sana, anapiga watu, hajalala siku kadhaa, au anataka kujiua, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane za usiku.

Nitajuaje kama ni maradhi na si mawazo ya kawaida?

Mawazo kila mtu anayo. Bei ya mchele, ada, mume aliyekwenda bara asipige simu. Angalia mambo mawili: muda, na kazi aliyoiacha.

Muda wanaoutazama madaktari kwa sonona, yaani huzuni iliyogeuka maradhi, ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu hana raha, hana hamu, usingizi umemtoroka au analala tu, chakula hakipiti. Na kazi aliyoiacha ndiyo inayokuambia ukweli. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akisuka ukili, ule ukanda wa majani wa kushonea mikeka, kila alasiri barazani kwake, mikono inakwenda yenyewe huku anazungumza. Siku moja ukili ukabaki kwenye ungo. Wiki ya pili ukawa umekauka, unakatika ukishikwa. Yeye alikuwa akisema tu kifua kinambana na mgongo unamuuma, akapimwa malaria mara tatu, zote hana. Aliyegundua ni binti yake, kwa ule ukili. Sonona kwetu haisemi "nina huzuni". Husema mgongo, kichwa, tumbo la moto, moyo unakwenda mbio.

Maradhi mengine hayana haja ya kuhesabu wiki. Mtu akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akiamini majirani wanamtilia sumu, akizungumza pekee, akiacha kuoga, au akakesha siku tatu akiwa na nguvu na furaha isiyo ya kawaida na kuanza kugawa mali yake, huyo ni wa kuonwa mapema. Kadiri anavyochelewa ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu.

Siku ya kwanza kunakuwaje?

Mtafungua daftari au kadi. Muuguzi atapima presha na uzito, kisha mtaingia ndani. Maswali ni mengi kuliko dawa: ilianza lini, analala saa ngapi, anakula, amewahi kuanguka na kuzimia, ukoo una mtu aliyeugua hivi, anavuta nini, anakunywa nini. Wanaweza kutaka damu ipimwe, kwa sababu homa kali, sukari, tezi la shingo au maradhi mengine ya mwili huweza kumchanganya mtu akaonekana amerukwa na akili.

Chukua kila dawa aliyowahi kunywa, pamoja na zile za mganga. Usione haya. Mara yetu ya kwanza nilificha chupa ya dawa za miti chini ya mtandio. Muuguzi, mama wa makamo, akaniambia, "Mwanangu, nami mama yangu alinipeleka huko. Ilete nione, nisije nikampa kitu kikagombana nayo." Hofu yangu yote iliishia pale.

Mgonjwa ana haki ya kuzungumza na daktari peke yake. Ikiwa wewe ndiye uliyemleta, ukiombwa utoke, toka. Yapo mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya dada yake.

Italipiwa?

Tangu Mapinduzi ya 1964 msingi wa sera ya Zanzibar ni kwamba matibabu katika hospitali za serikali hayauzwi, na sisi hatujawahi kutozwa kwa kumuona daktari wa akili. Gharama iko pengine. Ni nauli ya watu wawili, kwa sababu mgonjwa hatoki peke yake. Ni siku ya kazi iliyopotea, ya mgonjwa na ya anayemsindikiza. Wa kisiwa cha Kojani anaanza kwa chombo kabla hajaiona daladala. Halafu ipo siku dawa haipo dirishani ukaambiwa ukanunue.

Kwa hiyo ukiulizwa "mtarudi lini?", sema ukweli. Mwambie daktari nauli yenu inapatikana baada ya muda gani. Mgonjwa akishatulia, wengi hukubali kukupa dawa za miezi miwili badala ya mmoja. Hawatajua kama hukusema.

Dawa hazipo dirishani. Nifanye nini?

Usirudi nyumbani mikono mitupu ukangoja mwezi ujao. Muombe akuandikie jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, pamoja na kipimo, halafu uliza duka zaidi ya moja. Dawa nyingi za kliniki hii ni za zamani na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani: haloperidoli, klopromazini, amitriptilini, fluoksetini, kabamazepini. Kwa kuwa ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi na bei yake si ya kutisha kama za kisasa. Ukikosa kabisa, rudi kwa daktari abadilishe. Usigawe kidonge ili kivute siku, na usiazime cha jirani. Vidonge vinaweza kufanana rangi na vikawa vinatibu maradhi mbalimbali.

Ni shetani au ni maradhi? Tuanzie kwa mganga, kwa shekhe au kwa daktari?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote huulizwa kulizunguka hili. Nitajibu kwa urefu.

Sisi ni Waislamu na ni Wapemba. Nyumba nyingi ninazozijua zimepitia kwanza kwa shekhe au kwa mganga, na yangu ni mojawapo. Kaka alipoanza kusikia watu wakimwita kutoka kisimani, mama alimpeleka kuzinguliwa, yaani kusomewa ili shetani aondoke. Aliandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa mawaridi akanywa. Sitasema neno baya juu ya hilo. Qur'ani ilimtuliza mama, na mama aliyetulia humuuguza mtu vizuri zaidi kuliko mama anayetetemeka. Kliniki hakuna aliyewahi kutwambia tuache kusoma.

Ninachosema ni kwamba usiviweke viwili hivi kuwa mlango huu au ule. Ruqya, kile kisomo cha Qur'ani cha kumponya mgonjwa, ikisomwa jioni na kidonge kikinywewa usiku hakuna kinachoharibika. Kinachoharibika ni miezi. Sisi tulizunguka mwaka mzima na zaidi, kijiji hadi kijiji, kila pahala pakiwa na jini la jina jengine na kuku wa rangi nyengine, huku kaka akikonda. Uliza swali moja kila unapokwenda: "Tukirudi baada ya wiki mbili na hajapata nafuu, utatwambia nini?" Shekhe mmoja wa Wete alitujibu, "Nitakwambieni nendeni hospitali, na nitaendelea kumuombea." Huyo ndiye aliyetufikisha kliniki, na mpaka leo tunamshukuru.

Yapo ambayo siwezi kuyanyamazia. Usikubali mgonjwa afungwe minyororo au pingu za mti. Usikubali apigwe "ili shetani atoke". Anayeumia ni mtoto wenu. Usikubali afukizwe kwenye chumba kilichofungwa mpaka akose pumzi, wala anyimwe chakula. Na mtu yeyote atakayekwambia "acha dawa za hospitali ndipo zangu zifanye kazi", mshukuru, ondoka.

Shingo yake imepinda na macho yamegeuka juu baada ya kuanza dawa. Si jini limepanda?

Hapana, ni dawa, na inatibika haraka. Ilitupata sisi. Siku ya pili ya haloperidoli, dawa yake ya kuzuia sauti, kaka alikuwa amekaa mkekani, mara taya likaanza kukaza, shingo ikavutwa upande wa kulia kama inashikwa na mkono, macho yakatazama dari. Jirani aliyekuja kwa kelele akasema, "Limepanda hilo, limekasirika kwa dawa za kizungu." Bibi yangu akaanza kusoma. Mimi nilikumbuka muuguzi alivyotwambia siku ya kwanza, "Akikaza shingo, mleteni, msiogope." Tulikodi gari. Akachomwa sindano, na hata saa moja haikupita shingo ililegea, akaomba maji.

Ningekuwa sijaambiwa, dawa zile zingetupwa chooni siku ileile. Ndiyo maana nakwambia: kabla hujatoka chumba cha daktari uliza, "Dawa hii itamfanya nini kibaya, na nifanye nini kikitokea?" Haloperidoli huweza kukaza misuli, kutetemesha mikono, na kumfanya mtu ashindwe kukaa pahala pamoja. Klopromazini hulevya, humpa kizunguzungu akiinuka ghafla, na huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, kwa hiyo mvuvi na mkulima wavae kofia na mikono mirefu. Amitriptilini hukausha kinywa na kuleta usingizi. Mengi ya haya hupungua kwa kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Anayepunguza ni daktari.

Amepata nafuu. Kwa nini aendelee kunywa dawa?

Kwa sababu nafuu ile inaletwa na dawa. Najua hili si jibu tamu.

Mwaka wa tatu kaka alikuwa mzima kabisa. Ukafika msimu wa karafuu, akapanda mikarafuu na vijana wenzake, akapata fedha zake mwenyewe, akanunua shati la Idi. Dawa zilikuwa zinamtia usingizi, na mtu mwenye usingizi juu ya mkarafuu ni hatari, hilo alikuwa na haki nalo. Lakini hakusema. Aliziacha kimyakimya na mimi nikaona vidonge haviishi nikadhani ni vingi. Wiki sita zikapita vizuri. Ya saba akaanza tena kuamka usiku kuwajibu watu wa kisimani. Kumrudisha pale alipokuwa kulituchukua karibu mwaka, na kipimo kikawa kikubwa kuliko cha mwanzo. Tungalimwambia daktari kuhusu usingizi, angalihamisha kidonge kikawa cha usiku tu, na msimu ungaliendelea.

Madaktari wana muda wao kwa kila maradhi. Sonona, dawa huendelea miezi 9 hadi 12 hivi baada ya mtu kupona, ndipo zipunguzwe polepole. Aliyeugua kwa mara ya kwanza maradhi ya kusikia sauti na kuamini visivyokuwapo, angalau mwaka mmoja baada ya dalili kuondoka. Kifafa, ni mpaka miaka miwili ipite bila kuanguka. Wapo watakaokunywa zaidi ya hapo, na wapo wa maisha, kama mwenye presha au sukari. Kuziacha kwa ghafla ndiko kunakodhuru, hasa za kifafa.

Na jambo moja la mwanzoni: dawa za sonona hazifanyi kazi kama panadoli. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya mtu kuhisi tofauti, na karaha za dawa hutangulia kabla ya faida. Wengi huacha katika wiki hizo, wakasema "haikunisaidia kitu".

Kwa anayesahau au asiyependa vidonge ipo sindano inayochomwa mara moja kwa mwezi au karibu ya hapo. Kaka sasa yuko kwenye hiyo. Ukoo mzima umepumzika kuhesabu vidonge. Wavuvi wanaokwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, nao huwafaa, kwani hakuna kidonge cha kulowa chomboni.

Dawa hizi ni za kulevya? Zitamzoesha?

Za kuzuia sauti na za sonona hazimfanyi mtu azitamani wala kuongeza mwenyewe. Diazepamu, ile ya usingizi, ndiyo yenye tabia hiyo, ndiyo maana daktari hukupa ya siku chache tu. Usiinunue dukani ukaifanya ya kila usiku.

Ramadhani afunge?

Kila Shaabani benchi zima huuliza hili, na nawaomba mlipeleke kwa daktari mwezi huo wa Shaabani, si usiku wa kuandama.

Wengi wanaweza kufunga. Dawa ya mara moja kwa siku inahamia usiku. Ile inayoleta usingizi iwe baada ya tarawehe, si wakati wa daku, maana ukiinywa daku utashinda mchana ukisinzia. Ya mara mbili hugawanywa kati ya futari na daku. Ya mara tatu lazima daktari aipange upya, usiziruke wala kuzikusanya tatu kwa mpigo. Sindano ya mwezi, wanazuoni wengi wanasema isiyo ya lishe haifunguzi. Muulize shekhe wako, kisha upange tarehe ikutulize roho.

Sasa walio kwenye hatari. Anayetumia lithiamu, dawa ya maradhi ya kupanda na kushuka (mara furaha na nguvu za kupita kiasi, mara huzuni), kiu ya mchana kutwa inaweza kuifanya dawa izidi kwenye damu ikawa sumu. Mwenye kifafa, kukosa usingizi kwa ajili ya daku na ibada za usiku kunaweza kumwangusha. Mwenye maradhi ya kupanda na kushuka, kukesha kunaweza kumpandisha. Na aliyetoka kuugua miezi miwili iliyopita bado ni mgonjwa, hata kama anacheka.

Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa, naye atalipa siku nyengine au, kwa asiyetarajiwa kupona, kutoa fidia ya kulisha masikini. Nimeona wagonjwa wakifunga kwa kuona haya mbele ya watoto. Mama wa nyumba anaweza kulimaliza hilo kwa sahani moja iliyofunikwa, ikiwekwa chumbani bila ya neno.

Kwa nini kifafa kinatibiwa kliniki ya akili?

Kifafa ni maradhi ya ubongo, na mwenye kifafa si mwendawazimu. Hapa kwetu wataalamu wa mishipa ya fahamu ni haba mno, na waliozoea dawa zake ni hao hao wa akili. Duniani wako watu milioni 50 hivi wenye kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 yao wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayostahiki. Kinaweza kuanzia kwenye uzazi mgumu, malaria iliyopanda kichwani, au kuumia kichwa, kama kwa kuanguka juu ya mti.

Povu lake haliambukizi. Nasema tena, haliambukizi. Akianguka, muondoe kwenye moto au maji, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimkamate kwa nguvu. Akipitisha dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, hospitali. Dada zetu wa mwani wenye kifafa wasiingie majini peke yao. Maji ya magoti yanatosha kumzamisha mtu aliyezimia.

Ni mjamzito, au ananyonyesha. Aache dawa?

Asiache mwenyewe, aende kliniki mapema, na ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Dawa moja ya kifafa iitwayo valproeti inajulikana kuwa na madhara makubwa kwa mtoto tumboni, hiyo itafutiwa mbadala.

Na mzazi ndani ya arubaini akianza kukesha bila ya sababu, kumuogopa mtoto wake, au kusema mtoto si wake, watu watasema ametupiwa jicho. Mpelekeni hospitali siku hiyo. Asiachwe peke yake na mtoto, na asilaumiwe.

Amekataa katakata kwenda.

Usimwambie "wewe mwendawazimu, twende ukatibiwe." Mshike kwa lile linalomsumbua mwenyewe: "Hulali, twende tukatafute dawa ya usingizi." Huo si uongo. Muombe mtu anayemheshimu, mjomba, maalim wake wa chuo cha Qur'ani, rafiki wa skuli, sheha wa mtaa ikibidi. Kama hakwendi kabisa, nenda wewe ukaeleze. Wauguzi wengi watakushauri, na baadhi watakuja. Asichukuliwe kwa hila ya kufungwa kamba kwenye gari, maana safari ya pili hatakubali milele.

Kijana wetu anavuta bangi, au unga (heroini). Ni kliniki hiyohiyo?

Ndiyo, anzieni hapo. Bangi huweza kuamsha maradhi ya akili kwa aliye na asili nayo na huyafanya yarudi. Kwa walio kwenye unga, Unguja ipo huduma ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuachana na unga, na zipo nyumba za kuachia dawa za kulevya. Akiwa na yote mawili, yatibiwe yote mawili.

Anasema amechoka kuishi. Nikimuuliza si nitamtia wazo?

Hutamtia. Muulize waziwazi, kwa upole: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza humfungulia mtu mlango. Akisema ndiyo, kaa naye, usimuache hata kwenda kisimani. Ondoa sumu ya panya, dawa za mashamba, kamba, na vidonge vyote mpe mtu mwengine aviweke. Kisha hospitali, saa hiyohiyo. Usianze kwa kumwambia ni haramu. Analijua hilo, na huenda ndilo lililomfanya anyamaze muda wote. Mwambie umefurahi amekwambia.

Watu wataniona. Binti yangu hataolewa.

Watakuona. Benchi liko wazi na Pemba ni ndogo. Sitakudanganya kwamba hakuna atakayesema.

Lakini kuficha nako kuna bei yake. Mwaka 1995, hofu ya popobawa, shetani aliyesemwa huwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilipoanza hapa Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na mjini Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kudhani ndiye. Mtaa unaomjua mgonjwa wake kwa jina, unaojua anatibiwa na nani wa kumwita, humlinda. Kaka yangu sasa akikaa kimya sana dukani, muuza duka hunipigia simu.

Kama bado unaona haya, nenda hospitali ya wilaya nyengine. Nauli itazidi, lakini utatibiwa. Na kuhusu ndoa, wapo benchini walioolewa, wenye watoto, wanaosomesha. Kinachovunja posa ni siri inayogunduliwa baadaye.

Kwa nini foleni ndefu na daktari ana dakika chache?

Katika nchi masikini, Shirika la Afya Duniani lilihesabu chini ya wafanyakazi wawili wa afya ya akili kwa kila watu 100,000. Nchi tajiri wana zaidi ya 60. Nasi kwa sensa ya 2022 Zanzibar tuko karibu watu milioni 1.9. Yule unayemuona ndani ameshaona wengi kabla yako na hajanywa chai. Andika maswali yako mawili makubwa kwenye karatasi nyumbani, uanze nayo.

Sijarudi kliniki kwa miezi minne. Nitafokewa?

Labda utafokewa. Mimi nilifokewa mara moja, na muuguzi mwengine, siku hiyohiyo, akanivuta pembeni akaniuliza tumekwama wapi. Nenda tu. Chukua daftari la zamani, na likiwa limepotea nunua jipya. Chukua vidonge vilivyobaki, hata viwili, wavione. Usiseme alikuwa akinywa kama hakuwa akinywa, kwa sababu watamuongezea kipimo kwa hesabu ya uongo. Sema tulikosa nauli, au tulidhani amepona, au tuliona haya. Wameshasikia yote matatu. Fika mapema, kabla ya saa mbili, ukae karibu na mlango. Wataandika tarehe mpya chini ya ile uliyoikosa.